Tuhuma, Ushahidi na Kura: Ugomvi wa Uchaguzi katika Serikali za Wanafunzi Afrika Mashariki

Utangulizi

Historia ya vyama vya wanafunzi katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki imeandikwa aghalabu kama historia ya migomo. Maandamano, matamko, kufukuzwa kwa viongozi na kufungwa kwa vyuo ni mambo yaliyochunguzwa kwa kina na wanahistoria wa siasa. Jambo lililopewa nafasi ndogo ni uchaguzi wenyewe: viongozi hao walipatikanaje, nani alihesabu kura zao, na ni hatua gani zilizochukuliwa pale ambapo upande ulioshindwa ulidai kuwa umedhulumiwa.

Pengo hili si dogo. Kwa vijana wengi wa eneo hili, uchaguzi wa chuoni ndio wa kwanza wanaoshiriki wakiwa wapigakura, mawakala, wagombea au wahesabu kura. Namna lalamiko la kwanza linavyopokelewa huwafunza jambo kuhusu thamani ya ushahidi, na somo hilo huenda nao hata baada ya kuvua joho la mahafali.

Mhadhara huu unalitazama suala hilo kwa macho ya historia na ya isimu kwa pamoja. Hoja zake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba taasisi za kusuluhisha ugomvi wa uchaguzi wa wanafunzi hazikupata muda wa kukomaa, kwa sababu vyama vyenyewe viliishi kwa ridhaa ya mamlaka na vilivunjwa mara kwa mara. Ya pili ni kwamba lugha ya Kiswahili inayo tayari hazina ya istilahi inayoweza kutenganisha aina za udanganyifu na daraja za uthibitisho, lakini hazina hiyo imebaki vibarazani na majukwaani bila kuingizwa katika kanuni.

Kutoka kiranja hadi rais wa wanafunzi

Neno kongwe zaidi la uongozi wa wanafunzi katika Kiswahili ni kiranja. Kabla ya kuingia shuleni, neno hili lilikuwa la jandoni: kiranja alikuwa mwari wa kwanza kutahiriwa, aliyetangulia ili wenzake wamfuate. Shule za kikoloni zilipohitaji jina la mwanafunzi anayesimamia wenzake, neno hilo lilikuwa karibu, na maana yake ilisogea bila kukatika. Kiranja wa jandoni hakupigiwa kura, na kiranja wa shule naye aliteuliwa na walimu. Katika mfumo wa namna hiyo tuhuma ya wizi wa kura haiwezi kuzaliwa. Panaweza kuwapo manung'uniko ya upendeleo, lakini manung'uniko hayo humwendea mwalimu.

Vyuo vikuu vilileta msamiati mwingine. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1961, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea, sawa na Nairobi na Makerere. Wanafunzi wake walichagua viongozi wao kwa kura. Katika matumizi ya Tanzania chombo hicho kilikuja kuitwa serikali ya wanafunzi, yenye rais, mawaziri na bunge. Kenya ilipendelea chama au muungano, wenye mwenyekiti na katibu. Tofauti hiyo ya majina ina uzito. Chama ni watu waliokubaliana kushirikiana, na anayeona amedhulumiwa anaweza kujitoa. Serikali haina mlango wa kutokea: inamwakilisha hata aliyempigia kura mpinzani, na kwa hiyo inabeba wajibu mzito zaidi wa kuthibitisha kwamba imepatikana kwa haki.

Mabadiliko kama hayo yalifika pia katika shule za sekondari. Nchini Kenya, baada ya wimbi la migomo ya mwaka 2008, liliundwa mwaka 2009 baraza la wanafunzi wa shule za sekondari, na wazo la viongozi wanaochaguliwa na wenzao likaanza kuchukua nafasi ya viranja walioteuliwa. Ugomvi wa kura, uliokuwa wa vyuo vikuu, ulianza kuwahusu vijana wa miaka 15 na 16.

Chama kinapofungwa

Ili mila ya kusuluhisha ugomvi ikomae, panahitajika mfululizo: kamati ya mwaka huu isome uamuzi wa mwaka jana, irekebishe kanuni iliyoshindwa, iache kumbukumbu. Mfululizo huo ndio uliokosekana.

Dar es Salaam, rais wa chama cha wanafunzi DUSO, Symonds Akivaga, alifukuzwa chuoni mwaka 1971 baada ya mvutano mkali na uongozi wa chuo. Mwaka 1978 wanafunzi waliandamana kupinga marupurupu ya viongozi wa siasa. Mamia wakafukuzwa, DUSO ikapigwa marufuku, na mahali pake pakawekwa MUWATA, Muungano wa Wanafunzi wa Tanzania, uliofungamanishwa na chama tawala. Mwanaisimu hawezi kupuuza kwamba jina lililotoka juu lilikuwa la Kiswahili, ilhali majina yaliyotangulia na yaliyofuata, DUSO na DARUSO, ni vifupisho vya Kiingereza. Kiswahili kiliingia katika jina la chombo cha wanafunzi kikiwa lugha ya chama tawala. Chuo kilifungwa tena mwaka 1990, na DARUSO ikajengwa katika miaka iliyofuata, wakati nchi yenyewe ikielekea mfumo wa vyama vingi.

Nairobi ilipita njia inayofanana na hiyo. Chama cha SONU kilikuwa kichanga wakati wa jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982. Mwenyekiti wake, Titus Adungosi, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 na akafia gerezani mwaka 1988. SONU ilifufuliwa, na mwaka 1987 Wafula Buke akachaguliwa kuwa mwenyekiti. Novemba mwaka huohuo alikamatwa, chama kikapigwa marufuku, na yeye akahukumiwa kifungo cha miaka 5. Chama kilirudi tu baada ya vyama vingi kuruhusiwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Ni vyema kuwa na uangalifu hapa. Marufuku hizo hazikutokana na udanganyifu wa kura. Zilitokana na siasa. Hata hivyo ziliuathiri uchaguzi kwa njia mbili. Kwanza, kila chama kilichofufuliwa kilianza upya, bila kumbukumbu za maamuzi yaliyotangulia, na mara nyingi bila watu waliowahi kusimamia kura. Pili, wanafunzi walijifunza kuuona utawala wa chuo kama mhusika katika kila ugomvi. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ilipotakiwa baadaye kuamua nani ameshinda, uamuzi wake ulipimwa kwa kumbukumbu ya mkono uliowahi kufunga chama. Hata uamuzi wa haki ulikosa wa kuuamini.

Mfano wa kitaifa nao haukusaidia. Mwaka 1988 Kenya ilitumia upigaji kura wa mlolongo katika mchujo wa wagombea wa chama tawala: wapigakura walijipanga nyuma ya wagombea au picha zao, nao wakahesabiwa wakiwa wamesimama. Mistari ilipotawanyika, ushahidi ulitawanyika nayo. Aliyetangazwa kushindwa huku mstari wake ukiwa mrefu hakuwa na karatasi ya kuhesabu upya. Tangu hapo neno mlolongo, ambalo asili yake ni safu tu ya watu au vitu, limebeba katika Kiswahili cha Kenya kumbukumbu ya matokeo yasiyoweza kuhakikiwa.

Majina ya udanganyifu

Neno kura limetokana na Kiarabu, na maana yake ya awali ni bahati nasibu. Kupiga kura kulikuwa kutupa vijiti au alama ili bahati iamue. Ndiyo maana tafsiri za Biblia za Kiswahili zimetumia kauli hiyo kwa askari waliogawana mavazi. Katika kura ya namna hiyo aliyekosa hana wa kumlaumu. Neno lilipohamia katika uchaguzi lilibeba utaratibu mpya kabisa, ambamo kila matokeo yana mikono ya watu nyuma yake: aliyeandikisha, aliyegawa karatasi, aliyehesabu, aliyetangaza. Kila mkono ni mahali panapoweza kutokea hila, na jamii ya Waswahili imezipa hila hizo majina tofauti.

Jina la jumla ni wizi wa kura. Mwizi huondoa kitu kilichokuwapo. Anayesema kura zake zimeibwa anadai, kwa mujibu wa neno lenyewe, kwamba zilipigwa na kisha hazikuonekana. Uchunguzi wake unaanzia kwenye vishina vya vitabu vya karatasi za kura na kwenye masanduku: karatasi ngapi zilitolewa, ngapi zilirudi.

Uchakachuaji ni kitu kingine. Kitenzi kuchakachua kilienea nchini Tanzania kwa habari za mafuta: wafanyabiashara walichanganya mafuta ya taa, yaliyokuwa na bei nafuu, na dizeli. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuchanganya. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2010 neno hilo liliruka kutoka kituo cha mafuta hadi kituo cha kura. Sitiari yake ni ya kuongeza, kinyume cha wizi: kura halali zipo zote, ila zimetiwa nyingine zisizo halali. Pipa lililochakachuliwa hujaa, halipungui. Kwa hiyo anayedai uchakachuaji hatafuti kilichopotea. Anatafuta ziada, yaani kura nyingi kuliko watu waliotiwa alama katika daftari.

Wapigakura hewa ni majina yasiyo na watu, kwa mfano wa wafanyakazi hewa ambao serikali ya Tanzania iliwasaka katika orodha za mishahara mwaka 2016. Tuhuma hii humalizwa au huthibitishwa katika daftari: je, mwanafunzi aliyehitimu, aliyeahirisha masomo au aliyehamia chuo kingine bado yumo na amepigiwa alama? Mamluki, neno lililovuma katika siasa za Zanzibar, ni kinyume cha hewa: ni watu wenye miili kamili waliotolewa mahali pengine ili wapige kura pasipowahusu. Asili yake ya Kiarabu ni mtu anayemilikiwa. Chuoni, mamluki ni mwanafunzi wa kitivo kimoja anayeonekana katika foleni ya kitivo kingine. Daftari peke yake halitoshi kumgundua; anahitajika wakala anayewajua watu kwa sura, pamoja na kitambulisho.

Mwisho ni rushwa na jamaa zake. Hongo lilikuwa ushuru ambao misafara ya biashara ya karne ya 19 ililipa kwa watawala wa bara ili iruhusiwe kupita. Halikuwa siri, wala halikuwa aibu. Takrima, yenye shina moja na ukarimu, iliingizwa katika sheria ya uchaguzi ya Tanzania mwaka 2000 ili kuruhusu ukarimu wa kimila wa mgombea kwa wapigakura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu hivyo, kwa kuwa mpaka kati ya ukarimu na hongo haukuonekana. Mjadala huo unaishi katika kila bweni. Mgombea anayewanunulia wenzake soda na chapati usiku wa kuamkia uchaguzi atasema amewakirimu wageni. Mpinzani wake ataiita rushwa. Kanuni isiyosema kiwango wala muda itawaacha wote wawili na hoja.

Umuhimu wa orodha hii ni wa kiutendaji. Kila jina linaelekeza uchunguzi mahali tofauti: kishina, sanduku, daftari, foleni, mfuko wa mgombea. Lalamiko linaloandikwa kwa kauli moja tu, kwamba uchaguzi haukuwa huru na wa haki, haliiambii kamati ianzie wapi. Kamati isiyojua pa kuanzia ama hulitupa lalamiko, ama hutafuta mapatano ya kisiasa ambayo hayamsafishi mtuhumiwa wala hayamfidii mlalamikaji.

Tuhuma, shutuma na dai

Kiswahili kinatofautisha pia daraja za kauli ya mlalamikaji. Tuhuma, kwa asili yake ya Kiarabu, ni shaka inayomwelekea mtu. Mtuhumiwa ni mtu anayeshukiwa, na kisarufi hana bado hatia. Shutuma imetokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kutukana. Anayeshutumu amekwisha kuhukumu. Analofanya ni kukemea. Kufanana kwa sauti za maneno haya mawili kumesababisha yachanganywe, na mkanganyiko huo una madhara hasa. Bango linalosema kamati inatuhumiwa linaacha nafasi ya kujibu. Linalosema kamati inashutumiwa limeifunga.

Dai ni daraja ya tatu. Mwenye tuhuma anaweza kuwa umati usio na jina, lakini dai lazima liwe na mdai, mdaiwa na kitu kinachodaiwa. Mtu anayetoka katika tuhuma na kuingia katika dai anakubali kutaja jina lake, tarehe, kituo na nafuu anayoitaka. Hapo ndipo utaratibu unapoweza kumshika mkono. Ushahidi nao umejengwa juu ya shahidi, mtu aliyekuwapo na kuona; na rufaa inatokana na shina lenye maana ya kuinua, yaani kupeleka jambo kwa aliye juu zaidi. Kutoka tuhuma hadi dai, kutoka dai hadi ushahidi, kutoka ushahidi hadi uamuzi, na kutoka uamuzi hadi rufaa: lugha yenyewe imepanga ngazi. Uchaguzi wa wanafunzi huvurugika pale watu wanaporuka kutoka ngazi ya kwanza hadi hatia.

Hapa pana tatizo la lugha lisilosemwa mara nyingi. Kampeni, vijembe na malalamiko ya wanafunzi nchini Tanzania huendeshwa kwa Kiswahili, ilhali katiba na kanuni za vyama vyao zimeandikwa aghalabu kwa Kiingereza. Mlalamikaji aliyesema kwa ufasaha kibarazani hupaswa kujaza fomu kwa lugha ambayo haina uchakachuaji wala mamluki, na dai lake huingia katika faili likiwa limepoteza makali. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Vyuo vinavyofundisha lugha hiyo hadi shahada ya uzamivu havina udhuru wa kuwa nyuma ya mahakama za mwanzo.

Mizani ya ushahidi

Swali gumu kuliko yote huja baada ya kasoro kuthibitishwa: je, matokeo yatenguliwe? Hapa mizani ni mbili, na zote zina historia.

Mizani ya kwanza ni ya hesabu. Chukulia kwamba mgombea mmoja amepata kura 412 na mwenzake 389. Tofauti ni 23. Ikiwa sanduku lilikuwa na kura 9 zaidi ya idadi ya waliotiwa alama katika daftari, basi hata kura zote 9 zikiondolewa kwa mshindi, bado anaongoza kwa 14. Ikiwa ziada ni 40, hakuna anayeweza kusema nani alishinda, hata kama hajulikani aliyeziingiza. Mizani hii haihitaji kumpata mwenye hatia, na hiyo ndiyo nguvu yake: matokeo yanaweza kuwa batili bila mtu yeyote kuitwa mwizi. Pale tofauti inapokuwa ndogo sana, kila karatasi huwa na uzito. Katika uchaguzi wa Zanzibar wa Januari 1961, kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. Uchaguzi uliporudiwa Juni mwaka huohuo, ghasia ziliua watu 68.

Mizani ya pili ni ya utaratibu. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, ilibatilisha uchaguzi wa rais uliofanyika tarehe 8 Agosti. Wengi wa majaji walisema kwamba uchaguzi ni mchakato, na kwamba namba za mwisho haziwezi kutenganishwa na njia iliyozifikia. Jambo lenye mafunzo zaidi kwa vyuo ni suala la seva. Mahakama iliamuru tume iruhusu mifumo yake ikaguliwe. Tume haikuitekeleza amri hiyo kikamilifu. Na mahakama ikalitafsiri hilo dhidi yake. Kanuni inayotokana na uamuzi huo inaeleweka hata kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: anayeshika ushahidi na kukataa kuufungua hawezi kufaidika na kutokuwapo kwake.

Kwa upande mwingine, ibara ya 41(7) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais pindi tume inapomtangaza mshindi. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba kizuizi hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Kanuni za chuo zinazosema uamuzi wa kamati ya uchaguzi ni wa mwisho zimechagua, kwa kujua au kwa kutojua, upande mmoja wa mjadala huo.

Upigaji kura wa kielektroniki haujaondoa swali hili. Umehamisha tu mahali pa ushahidi. Sanduku la mbao lilionekana na mawakala wote. Kumbukumbu za mfumo huonekana na fundi mmoja. Mwanafunzi aliyempa rafiki nywila yake amekuwa, kwa msamiati wa zamani, mpigakura hewa na mamluki kwa wakati mmoja. Mfumo usiokaguliwa na watu wa pande zote kabla na baada ya kura unarudisha tatizo la mlolongo wa 1988 kwa sura mpya: matokeo yanatangazwa, na cha kuhesabu upya hakipo.

Nairobi 2016: dawa na ugonjwa

Aprili 2016 matokeo ya uchaguzi wa SONU yalipingwa, maandamano yakazuka, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungwa. Mwaka huohuo Bunge la Kenya lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu. Kwa mujibu wa marekebisho hayo, wanafunzi hawakuwachagua tena moja kwa moja viongozi wa juu. Waligawanywa katika makundi ya uchaguzi kwa kufuata idara au vitivo. Kila kundi likachagua wajumbe watatu, wasiozidi wawili wa jinsia moja. Na wajumbe hao ndio waliowachagua viongozi wa baraza. Muda wa uongozi uliwekwa kuwa mwaka mmoja, na kiongozi angeweza kuchaguliwa tena mara moja tu.

Marekebisho hayo yalikuwa na mema yake. Sharti la jinsia lilifungua mlango uliokuwa umefungwa kwa wanafunzi wa kike, na ukomo wa muda ulizuia mtu mmoja kukalia kiti kwa miaka mingi. Lakini yanapopimwa kwa hoja ya mhadhara huu, yanaacha swali. Ugomvi ulikuwa kuhusu hesabu na uaminifu wa wahesabuji. Dawa iliyotolewa ilipunguza idadi ya wapigakura. Haikugusa kuhesabu, kutunza karatasi, wala kusikiliza malalamiko. Isitoshe, rushwa hupenda idadi ndogo: ni ghali kuwakirimu maelfu, ni rahisi kuwakirimu makumi. Hila moja ilipozibiwa njia, nyingine ilifunguliwa lango.

Makerere inatoa funzo chungu zaidi. Julai 2022 mwanafunzi mmoja aliuawa katika ghasia za kampeni za uchaguzi wa chama cha wanafunzi, na chuo kikasitisha uchaguzi huo. Mbele ya kifo, kusitisha ni hatua inayoeleweka. Hata hivyo kusitisha hakumwambii mwanafunzi yeyote nani alitenda nini. Hilo ni kazi ya uchunguzi, na uchunguzi una masharti yake.

Hitimisho

Kutokana na historia hii yanaweza kutolewa mapendekezo machache, ambayo hayahitaji sheria mpya ya Bunge. Kamati ya uchaguzi isiwe ndiyo inayosikiliza malalamiko dhidi yake yenyewe. Jopo la rufaa liteuliwe kabla ya kampeni kuanza, wakati ambapo hakuna anayejua nani atashindwa. Lalamiko liandikwe, litaje jina la mdai na aina ya hila, na lipelekwe ndani ya muda uliotangazwa. Karatasi za kura, vishina, daftari lenye alama na kumbukumbu za mfumo vifungwe kwa lakiri mbele ya mawakala, na vitunzwe hadi rufaa ya mwisho imalizike. Uamuzi uandikwe pamoja na sababu zake, usomwe hadharani, kisha uwekwe maktabani ili kamati ya mwaka unaofuata iukute. Pendekezo la mwisho ni dogo kwa gharama, lakini ndilo linalojaza pengo lililoachwa na miongo ya marufuku.

Kwa wanafunzi na wataalamu wa Kiswahili kuna kazi mahususi zaidi. Kanuni za uchaguzi ziandikwe kwa Kiswahili, na istilahi zifafanuliwe kwa usahihi: tuhuma isichanganywe na shutuma, uchakachuaji usichanganywe na wizi, takrima iwekewe kiwango. Kazi hiyo inafaa kufanywa na idara za Kiswahili zenyewe kwa kushirikiana na vitivo vya sheria, na inaweza kuanza kwa kukusanya malalamiko yaliyokwisha kuwasilishwa katika chuo kimoja tu na kuyapanga kwa aina. Mkusanyo wa namna hiyo ungekuwa hazina kwa mwanaleksikografia. Ungekuwa pia, kwa mgombea aliyeshindwa mwakani, mfano wa namna ya kuandika dai linaloweza kusikilizwa.